Jina Ambalo Hatukuweza Kulilipia

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae kwenye mkeka, nisiseme neno, niangalie tu. Kwangu hilo halikuwa gumu. Tangu shule ya msingi, ambako masomo yangu yaliishia, mimi ni mtu wa kuona haya. Mwalimu akiniita nilikuwa ninainama kama aliyeangusha kalamu. Shangazi yangu alikuwa mpishi wa kituo, na yeye ndiye aliyeniombea kazi. Njia nzima kutoka mtaa wetu wa Mapendo alinionya: "Bakikuuliza, ujibu. Usibakie kuangalia miguu yako, haitakimbia."

Kituo kilikuwa nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Ndani ya chumba kimoja kulikuwa na cherehani. Ndani ya kingine kulikuwa na mikeka, na humo walikaa wasichana waliozaa kabla hawajawa watu wazima, pamoja na watoto wao. Wengi walitoka kambi za waliokimbia vita, upande wa Munigi. Asubuhi walijifunza kutunza watoto, mchana walijifunza kushona.

Asubuhi hiyo niliangalia msichana mmoja na mtoto wake. Baadaye mkuu wa kituo, tuliyemwita Papa Direkta, akaja kuchuchumaa mbele yangu. Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, aliyesomea saikolojia, mwenye sauti ya chini kama ya padri anayeungamisha.

"Umeona nini, binti yangu?"

"Nimeona mama mwenye huzuni, Papa."

"Huzuni iko na rangi gani?"

Nikaangalia miguu yangu.

"Huzuni hukuiona, uliiwaza. Niambie kile macho yako iliona."

Nikamwambia kwamba mtoto alilia, mama akageukia ukuta. Mtoto alipoacha kulia, mama akamrudia, akamfuta pua.

"Sasa uko kazini," akasema. "Sisi hatufungue roho ya mutu, ufunguo hatuna. Tunaangalia mikono."

Ninaandika polepole, na sijui kupamba. Ila nataka ninyi mtakaofanya kazi hii baada yetu mjue ilivyofanywa, kwa sababu vituo vingi vimefungwa na waliotufundisha wametawanyika.

Papa Direkta alifuata mafundisho ya wale wanaosema kwamba mtu hujengwa na kile kinachofuata baada ya tendo lake. Ukitenda jambo, likafuatwa na kitu unachokipenda, utalirudia. Kitu hicho tulikiita kiimarisho, kwa sababu kinaimarisha tendo kama nguzo inavyoimarisha ukuta. Ukitenda jambo lisifuatwe na chochote, tendo hilo huchoka lenyewe, kama moto wa makaa usiopulizwa. Hiyo tuliiita kuzimika kwa tabia. Kwa hiyo hatukumgombeza msichana aliyempigia mtoto wake kelele. Tuligeuza macho, tukangoja. Mara tu alipomshika vizuri, hata kidogo, tulikuwa hapo na kiimarisho chetu. Kilipaswa kutolewa papo hapo. Kiimarisho cha jioni kwa tendo la asubuhi, alisema Papa Direkta, ni zawadi tu, na zawadi haifundishi kitu.

Kiimarisho chetu kilikuwa kipande cha kitenge. Mafundi wa sokoni walitupa mabaki yao, nasi tuliyakata kwa ukubwa wa kiganja. Kila msichana alivishona vipande vyake pamoja, kimoja baada ya kingine, mpaka vikawa shuka la kumfunika mtoto. Sabuni ingekwisha, na biskuti zingeliwa na wadogo zao kambini. Shuka lilibaki, likakua, na msichana aliweza kuona kwa macho yake umbali aliotoka.

Vipande hivyo vilileta maneno mengi. Kila mmoja alitaka chenye rangi nyekundu.

"Ya kwako inafanana na nguo ya mbuzi!"

"Mbuzi ni bwana yako, kama utampata!"

Wakacheka mpaka watoto wakaamka. Mama Animatrisi, mwanamke wa Masisi aliyekuwa akisimamia chumba cha mikeka, alipiga makofi: "Haya, bamama! Mwenye kucheka sana atalala na mutoto mwenye kulia sana!" Ndiye aliyekuwa mkuu wangu wa kila siku. Alikuwa mnene na mcheshi, na hakuna mtoto aliyemkataa mikononi.

Mwanzoni nilikata vitambaa na kufua nepi. Baadaye nikapewa wasichana wangu wa kufuatilia. Nilifikiri haya zangu zingeniangusha, lakini Papa Direkta alisema kinyume. "Wewe unanyamaza," aliniambia. "Wao wamechoka na watu wa kusema." Ndiyo maana, Masika alipokuja, alinipa mimi.

Masika alikuwa na miaka kama kumi na saba. Alitoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Eduard, na alifika kambi ya Munigi na bibi yake, ambaye alimwita Koko kama tunavyowaita mabibi hapa kwetu. Mtoto alikuwa mgongoni mwa Koko. Alikuwa wa kiume, mwenye macho makubwa, na hajaanza kukaa. Watu wenye silaha walikuwa wamemkamata Masika njiani akitoka kutafuta kuni. Koko alitueleza hayo kwa maneno machache akitazama mlango, na hatukumwomba ayarudie.

Masika aliketi akiangalia ukuta. Mtoto alipolia, alijifunika masikio kwa kitambaa cha kichwani. Alipotaka kumtaja alisema "ule". Ule analia. Ule amejikojolea.

"Anaitwa nani?" Mama Animatrisi aliuliza siku hiyo ya kwanza.

Koko alimtazama Masika. Masika akasema, "Muandike ile munataka."

"Basi tumuite Heri," Mama Animatrisi akasema kwa furaha, akimtekenya mtoto shingoni. "Uko na uso wa Heri, wewe!"

Tangu siku hiyo sote tulimwita Heri. Nakumbuka Koko alifungua mdomo, kisha akaufunga. Hakuna aliyemuuliza.

Tulipanga ngazi. Kupanga ngazi ni kulikata tendo kubwa kuwa hatua ndogo, na kuimarisha kila hatua mpaka inakaa, kabla ya kudai nyingine. Papa Direkta aliita hivyo kuchonga tabia, kama seremala anavyochonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: hapati gurudumu kwa pigo moja la shoka. Tendo letu kubwa lilikuwa Masika kumbeba mtoto wake mgongoni kwa hiari yake. Hatua ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye mkeka mmoja naye. Hatua ya pili ilikuwa kumtazama. Kisha kumgusa mguu, kumpokea mapajani, kumlisha, kumfuta, kumbeba.

Niliketi karibu yake siku nyingi nikikata vitambaa. Siku moja mtoto alipiga chafya, Masika akageuka. Aligeuka mara moja tu, kama mtu anayetazama aliyepita. Nikaweka kipande cha kitenge juu ya goti lake.

"Hii ni ya nini?"

"Umemuangalia."

Alikigeuza kipande, akakinusa. "Munalipa hata macho?"

"Hata macho."

Akacheka kidogo kwa pua. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Kazi ilikwenda. Ilikuwa ya polepole, lakini ilikwenda. Alimgusa mguu. Mtoto akashika kidole chake, naye hakukitoa. Kuna asubuhi nyingine Koko alichelewa kurudi na maji, mtoto akalia kwa njaa, na Masika, akitazama pembeni, akamvuta mapajani na kumpa uji kwa kijiko. Nilimpa kipande chenye ndege, ambacho wasichana wote walikuwa wakikitaka, na hakuna aliyelalamika.

Mvua za kwanza zilipoanza, Masika alikuwa akimbeba mtoto mgongoni kutoka lango mpaka mkekani. Shuka lake lilikuwa kubwa kuliko ya wengi. Papa Direkta alisimama mlangoni akimwangalia, na jioni alitununulia sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Muone," alisema. "Roho hatukuigusa. Mikono ilifika yenyewe."

Lakini kuna jambo moja ambalo nilikuwa nimeliona bila kujua nilipeleke wapi. Masika hakuwahi kusema "Heri". Alimbeba, alimlisha, alimwosha, na bado alisema "ule".

Papa Direkta alinituma Munigi. Alitaka kujua kama tabia imehama, maana tendo linalofanyika mbele ya anayelipa tu bado si la mtu mwenyewe. Linapofanyika mahali pengine, bila malipo, ndipo tunasema limehama. Nilipanda pikipiki mpaka mwisho wa lami, kisha nikatembea kati ya hema za bashi, yaani za turubai, zilizosimikwa juu ya mawe yale yale meusi, makali kama chupa zilizovunjika.

Nilimkuta Masika akisuka nywele za jirani. Mtoto alikuwa mgongoni mwa Koko.

"Yaya!" Masika akaniita, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa, akashtuka kidogo. "Umekuja kuniangalia?"

"Nimekuja kuwasalimia."

Alitazama mikono yangu, akaona iko mitupu. "Hapa hakuna kitambaa," alisema, na akaendelea kusuka. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake kwamba maji hayatoki leo.

Koko alinipeleka nyuma ya hema, akaketi juu ya bidoni ya maji. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye mikono ya kuvuta nyavu. Alianza kusema bila mimi kuuliza, na nadhani alikuwa amengoja muda mrefu.

"Mulimuita Heri. Ni jina nzuri. Lakini kwetu Banande, mutoto hatafutiwe jina. Anazaliwa nayo. Mwanaume wa kwanza wa mama ni Paluku. Wa pili ni Kambale. Wa tatu, Kasereka. Mwanamuke wa kwanza ni Masika, njo huyu wangu. Ukisikia mutu anaitwa Kambale, hauulize. Unajua kama mbele yake kuko mwingine, mwenye kuishi ao mwenye kufa."

"Kwa hiyo huyu ni Paluku?"

"Ni Paluku. Lakini mama yake anakataza. Anasema Paluku wake atakuja na ndoa. Akimuita huyu Paluku, basi amemuhesabu. Hatakuwa na wa kwanza mwingine tena mpaka kufa kwake." Alimpangusa mtoto mate. "Mimi naweza kumuita. Lakini mutoto anataka jina kwa kinywa cha mama."

Kwetu sisi tunaosema Kinyarwanda, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lenye maana yake, na baba huliwaza. Sikuwa nimejua desturi hii, ingawa niliishi mtaa mmoja na Wanande tangu kuzaliwa na kuwaita majina hayo kila siku. Mama Animatrisi alikuwa wa Masisi, naye hakuijua. Papa Direkta alitoka Bukavu.

Niliwaeleza kesho yake. Papa Direkta alivua miwani, akaifuta na kuifuta mpaka chai yake ikapoa. Kisha nikaona uso wake unang'aa kama wa mtu aliyepata njia.

"Basi tulikosea ngazi," alisema. "Kumbeba haikuwa hatua ya mwisho. Hatua ya mwisho ni jina. Tutaimarisha jina."

"Papa," Mama Animatrisi alisema, "jina ni kama mambo ingine?"

"Jina ni sauti inayotoka kinywani, Mama. Kinywa ni kiungo kama mkono. Akilisema mara moja tu, hata kwa kunong'ona, mumpe papo hapo. Na kiwe kipande kisicho na mfano."

Mama Animatrisi hakubisha tena. Alikwenda sokoni mwenyewe, akanunua kitenge kipya, cha nta halisi, aina ya bei ghali, chekundu chenye maua ya njano, ambacho hakijawahi kukatwa. Alikata kipande kikubwa cha kutosha katikati ya shuka. Sisi wote tuliona ni kizuri. Nilikishika nikafikiri kwamba ningekuwa Masika ningelia kwa furaha.

Asubuhi hiyo chumba kilijaa. Masika aliingia na mtoto mgongoni, akamtua, akaketi. Mama Animatrisi akachuchumaa pale, kitambaa chekundu kikiwa juu ya mkono wake wazi, akasema kwa sauti ya upole, ile aliyomtekenyea mtoto siku ya kwanza:

"Masika, mama yangu. Koko alituambia jina yake ya kweli. Umuite mara moja tu. Hii ni yako."

Masika alimtazama, kisha akakitazama kitambaa. Nilikuwa nimejifunza kuangalia mikono, kwa hiyo niliona mikono yake kabla ya uso. Ilikuwa inalikunja shuka lake, polepole, vipande vyote, mpaka likawa dogo.

"Macho mulinunua, nikauza," alisema. "Mikono mulinunua, nikauza. Mugongo pia nikauza. Sasa munataka kuninunulia na Paluku wangu?"

"Hapana, mama, siyo kununua..."

"Ni bei gani? Ni hiyo kitambaa?" Alisimama. Hakupiga kelele. "Wale ba njiani hawakuniuliza bei. Nyinyi munauliza. Lakini ni kuchukua tu."

Aliliweka shuka juu ya mkeka mbele yangu. Koko alimchukua mtoto. Wakatoka. Mama Animatrisi alibaki amechuchumaa na mkono wazi, kitambaa kile kikiwa juu yake, mpaka nikamsaidia kusimama.

Hakurudi. Tulikwenda kumtembelea, akatupokea vizuri, akatupa kiti, akatujibu salamu, wala hakurudi. Mtoto alikuwa mgongoni mwa Koko.

Kisha mvua zikazidi. Maji ya mvua yaliingia vyooni na kutiririka kati ya hema, na ugonjwa wa kuhara ukashika kambi. Shangazi yangu ndiye aliyeleta habari, akiwa amezisikia kwa wauza makaa: mtoto wa Masika yuko kwenye hema la wagonjwa. Tulipofika alikuwa ameshafariki. Koko alikuwa ameketi chini naye mapajani. Masika alikuwa amesimama nje, kwenye mvua, mikono imefungwa kifuani.

Nilikuwa nimelibeba shuka. Nililiweka mikononi mwa Koko, na akamfunga mtoto nalo, vipande vyote, chenye ndege kikiwa juu.

Munigi si mahali pa kuchimba kaburi. Chini ni mwamba uliomwagika kutoka mlimani, na wanaume walizunguka na nyundo mpaka wakapata ufa wenye udongo. Mmoja wao alikuwa amepigilia vijiti viwili kuwa msalaba, na alikuwa na mkebe wa rangi nyeupe.

"Jina ya mutoto?" aliuliza.

Mama Animatrisi alijifunika mdomo. Hata yeye hakuthubutu kusema Heri.

Koko alisema, "Mama yake iko hapa. Mumuulize yeye."

Yule mwanaume alimgeukia Masika na brashi mkononi. Tulingoja. Rangi ilidondoka kwenye jiwe, tone, kisha jingine. Masika aliangalia ule msalaba kwa muda mrefu, midomo yake ikasogea, lakini hakuna kilichotoka. Mwishowe yule mwanaume aliosha brashi yake kwa maji ya mvua, akausimika msalaba bila kitu.

Baada ya hapo Papa Direkta alibadilisha kazi yetu, na ninataka hilo lijulikane, maana hakuwa mtu mbaya. Hakuiacha nadharia yake. Vipande vya kitenge viliendelea, na viliwafaa wengi: kuna wasichana mjini hapa leo wanaotunza watoto wao vizuri, nami nilikuwepo tangu goti lilipopokea kipande cha kwanza. Lakini alituwekea sharti kwamba, kabla ya kupanga ngazi yoyote, tukae na msichana na wakubwa wake, tuulize kwao mtoto huingiaje katika ukoo, na kuna nini ambacho hakiguswi. Kilichotajwa hapo hatukukiwekea kipande kamwe. Siku aliyotueleza hayo alisimama akiegemea cherehani.

"Tuliangalia mikono," alisema. "Bibi yule alifungua kinywa siku ya kwanza, mbele yetu sote. Tukaangalia mikono."

Tangu hapo sikumwona akinunua sambaza.

Vita vilipoingia mjini, kambi za Munigi zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Kituo kilifungwa. Papa Direkta aliondoka kwa mashua usiku mmoja bila kutuaga, na simwekei kinyongo. Mama Animatrisi alirudi Masisi kutafuta ndugu zake. Cherehani sijui ziko kwa nani. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kama mtu wa umri wangu anaweza kulitumia neno hilo. Sasa ninauza maandazi mbele ya nyumba yetu, na wasichana wenye watoto wakipita najikuta ninaangalia mikono yao.

Mtaniuliza kama ningeifanya tena kazi hii. Ningeifanya. Nadharia ile ni ya kweli: tendo lisilopata kitu huchoka, nimeliona mara nyingi. Kwa hiyo ninawaandikia pia jambo la mwisho nililoliona, ambalo sijui nadharia yetu ingeliweka wapi.

Ilikuwa sokoni, majuzi, nilipokwenda kununua unga. Nilimwona Masika mbele ya meza ya mboga. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga aliyefungwa kwa kitenge kizima. Aliniona. Nilitaka kuinama kama zamani, lakini akasema, "Yaya," nami nikasogea.

Aliniambia Koko ameshafariki. Aliniambia ameolewa na kijana wa Butembo, msukuma chukudu. Muuza mboga, mama wa Kinande aliyekuwa akifunga lengalenga, alimchungulia mtoto mgongoni, akamtazama na Masika jinsi alivyo mdogo, akacheka kwa furaha.

"Ni mwanaume? Oh, Mama Paluku! Paluku wako amenona!"

"Hapana, mama," Masika alisema. "Huyu ni Kambale."

Muuza mboga aliacha kucheka. Alimtazama tena, na sasa alikuwa anamwona mwingine. Kwao, neno hilo halihitaji maelezo.

"Na mukubwa wake?"

"Paluku iko Munigi," Masika alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeulizwa nyumbani kwake ni wapi. "Alilala kule, kwa mawe."

"Na bwana yako anajua?"

"Nilimwambia mbele aje kwetu kuniposa. Alinyamaza siku mingi. Mutoto alipozaliwa, mama ya bwana akasema Paluku, Paluku. Bwana mwenyewe njo alimjibu: hapana mama, ni Kambale."

Muuza mboga hakusema pole. Alichukua fungu jingine la lengalenga, akaliongeza kwenye mfuko.

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia ndani ya mfuko wa sketi, wenyewe, kwa mazoea ya kazi, kutafuta kitu cha kumpa papo hapo. Haukupata kitu. Kitenge cha mgongoni mwa Masika kilikuwa kimelegea, mtoto akaanza kuteremka. Nilimshika Kambale kwa chini, nikamwinua, na mama yake akafunga upya.